Kuuza na kununua tiketi za futiboli ya vyuo Marekani bila kupigwa

Kila mwaka ikifika Agosti simu yangu inaanza kuita na maswali ni yale yale mawili, mmoja ana tiketi za msimu na Jumamosi fulani yuko zamu kazini anataka kuziuza, mwingine kaona mtu mtandaoni anauza siti mbili za mechi kubwa kwa bei ya chee anauliza atume hela au asitume. Nina tiketi za msimu, yaani siti za mechi zote za nyumbani, za futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja kikubwa huku Midwest, majimbo ya katikati-kaskazini mwa Marekani, kwa miaka kadhaa sasa, mechi nyingine naenda nyingine nauza, na nimeshaona watu wangu wa karibu wamesimama nje ya geti na simu mkononi machozi yanawalenga huku ndani bendi inapiga. Kwa hiyo naandika ninachokijua, cha muuzaji na cha mnunuzi vyote, maana ukijua upande mmoja tu utapigwa siku ukihamia upande wa pili.

Tiketi ni nini siku hizi

Hapa usiruke, kwa sababu karibu utapeli wote unatokana na watu kutoelewa hili. Tiketi sio karatasi tena, na sio picha. Tiketi ni kitu kilichoandikwa ndani ya akaunti ya mtu kwenye mfumo wa chuo, na ile bakodi (barcode, alama inayosomwa na mashine getini) unayoiona kwenye simu ni kivuli chake tu. Vyuo vingi viliachana na karatasi miaka ya 2020 na 2021 wakati wa korona vikahamia kwenye simu moja kwa moja. Ticketmaster wao tangu 2019 wana bakodi inayojibadilisha yenyewe kila baada ya sekunde chache, ukiitazama unaona kamstari kanatembea juu yake, na hiyo ukiipiga skrinshoti umepiga picha ya kitu ambacho kimeshakufa kabla hujafika getini. Tiketi nyingine hazina bakodi kabisa, unazihifadhi kwenye Apple Wallet au Google Wallet halafu unagusisha simu kwenye mashine.

Sasa mtu akikuuzia kihalali anachofanya ni transfa. Anaingia kwenye akaunti yake, anachagua siti, anaandika imeili yako au namba yako, wewe unapata meseji, unaingia kwenye akaunti YAKO, unakubali. Ukishakubali, bakodi ya mwanzo inakufa na inazaliwa mpya kwa jina lako. Kabla hujakubali, mtumaji anaweza kuifuta ile transfa wakati wowote, hilo watu wengi hawalijui. Unaonyeshwa "transfa imetumwa", unafurahi, unalipa, unaenda kuoga, ukirudi haipo.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: ukiingia kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa paswedi yako, unaiona siti yenye sekisheni, mstari na namba? Kama unaiona ni yako. Kama huioni huna tiketi, hata mtu akikutumia picha mia, risiti, video na leseni yake ya udereva.

Mdogo wangu alijifunza kwa dola 240. Mechi ya mahasimu, wiki ya mwisho ya Novemba, baridi kali, tiketi mbili. Muuzaji alikuwa mpole, anaandika vizuri, akasema yeye ni mwanafunzi, mama yake kaugua hawezi kwenda. Akatuma skrinshoti mbili safi kabisa. Mdogo wangu akatuma hela papo hapo kutoka benki yake, wakaendesha masaa manne na rafiki yake. Getini mashine ikalia mara moja, ikalia mara ya pili, dada wa getini akamwambia kwa upole sana, kaka hii ni picha. Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na mtu mwingine ana skrinshoti ya siti zile zile. Mimi ninachokikumbuka ni kwamba alinipigia simu hakuweza kuongea kwa dakika nzima, na hakuwa analilia hela, alikuwa anaona aibu. Ile aibu ndo inawafanya watu wasiripoti, ndo maana matapeli wanarudi kila Jumamosi.

Kwa nini futiboli ya vyuo hasa

Timu ya chuo inacheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, na nyumbani ni sita mpaka nane hivi. Viwanja ni vikubwa kupita kiasi, Michigan Stadium kule Ann Arbor inaingiza watu 107,601, na vya Ohio State, Penn State, Texas A&M, Tennessee, LSU, Alabama na Texas navyo vimepita 100,000. Maana yake kila Jumamosi kuna maelfu ya tiketi zinabadilisha mikono, nyingi kati ya watu wasio madalali kabisa, wanafunzi, wazazi, wazee waliosoma pale miaka ya themanini. Watu hawa wanaaminiana kwa sababu wamevaa rangi moja. Tapeli anaijua hiyo, anaweka picha ya profaili mwenye jezi ya timu, anaandika salamu ya chuo mwisho wa posti, na mlango umeshafunguka.

Halafu kuna mihemko. Mashindano ya ubingwa, College Football Playoff, yalipanuka kutoka timu 4 kwenda 12 msimu wa 2024, na kwa mara ya kwanza raundi ya kwanza ikachezwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, Notre Dame, Penn State, Texas na Ohio State. Kati ya siku timu zinatangazwa na siku ya mechi ni kama wiki mbili tu. Kila mtu anatafuta kwa wakati mmoja na hakuna mwenye muda wa kufikiri. Mechi ya Ohio State na Tennessee ya Desemba 21 mwaka huo, uwanja wa Columbus ulikuwa na rangi ya chungwa ya Tennessee kila upande, na hizo siti zilipatikana kwa wenyeji waliouza. Wengi waliuziana salama. Ila haraka ya namna hiyo ndiyo msimu wa mavuno kwa tapeli.

Ukiwa unanunua

Anzia kwenye ofisi ya tiketi ya chuo chenyewe. Watu wanadhani mechi imeisha tiketi kumbe chuo kinarudishiwa tiketi na timu ngeni siku chache kabla, zinauzwa kwa bei ya kawaida. Na angalia unapoingilia. Ukiandika jina la chuo na neno tiketi kwenye Google, vya juu kabisa ni matangazo ya kulipia, na baadhi ni tovuti za madalali zenye jina na rangi zinazofanana na za chuo. Usitegemee kwamba tovuti halisi itaishia na .edu, kwa sababu tovuti za michezo nyingi haziishii hivyo, ya Michigan ni mgoblue.com na ya Alabama ni rolltide.com. Njia salama ni kuingia kwenye tovuti kuu ya chuo yenye .edu halafu ufuate linki ya michezo kutokea mle. Namba za huduma kwa wateja vilevile, usipige namba uliyoikuta kwenye matokeo ya Google, pata iliyoko ndani ya tovuti au ndani ya app.

Kama chuo hakina, nenda kwenye jukwaa la kuuziana, StubHub, SeatGeek, Ticketmaster, Vivid Seats na wenzao. Najua watu wanalalamika makato na mimi pia yananiuma, lakini elewa unalipia nini: jukwaa linashika hela ya mnunuzi mpaka mechi ipite ndo linamlipa muuzaji, na tiketi ikigoma getini wanakutafutia nyingine au wanarudisha hela. Wewe na mtu usiyemjua hamuwezi kuaminiana, mnamlipa wa tatu akae katikati. Tangu Mei 12, 2025 kuna kanuni ya serikali kuu, ya FTC, tume ya biashara inayolinda wateja, inayolazimisha bei ya tiketi ionyeshwe jumla na makato yake ya lazima tangu mwanzo, kwa hiyo ukikuta tovuti inaonyesha dola 60 halafu ukifika kwenye kulipa imekuwa 91, ondoka.

Kwenye jukwaa soma kabla ya kubonyeza. Nimeshaona mtu kanunua pasi ya kupaki gari akidhani ni tiketi, zinapangwa kwenye orodha moja na bei yake inavutia sana ukilinganisha na siti. Angalia kama sekisheni na mstari vimetajwa. Kama muuzaji kaandika sehemu ya jumla tu bila mstari, inawezekana tiketi hana bado, anauza kitu anachotegemea kukinunua baadaye kwa bei ndogo, na bei zikipanda anakuacha kwenye mataa. Maryland walipiga marufuku uuzaji wa namna hiyo mwaka 2024, ila sio kila jimbo. Uwanja mwingi wa chuo ni benchi za bati, hakuna kiti, siti ni namba tu iliyochorwa, kwa hiyo hakikisha mbili zinafuatana. Na kama utavaa rangi za wageni, angalia usije ukakaa katikati ya sekisheni ya wanafunzi wa wenyeji.

Kuna jambo moja linachanganya hata watu wazoefu. Vyuo vingi haviachii tiketi za simu kwenye akaunti za wenye msimu mpaka karibu na msimu kuanza. Kwa hiyo mtu anayeuza mwezi Mei kweli anaweza kuwa mwaminifu na kweli hawezi kukufanyia transfa leo. Tapeli anajificha humo humo: "nalipwa sasa, Agosti zikitoka nakutumia". Usimhukumu mtu, ila usilipe. Mwambie tuwekeane miadi Agosti, au aiweke kwenye jukwaa. Mwaminifu atakuelewa, labda atakasirika kidogo basi.

Njia ya kulipa ndo kila kitu

Kadi ya krediti ndio rafiki yako. Sheria ya mwaka 1974 inayoitwa Fair Credit Billing Act inakupa haki ya kupinga chaji ya kitu ambacho hukuletewa, ndani ya siku 60 tangu taarifa ya chaji ile ilipotumwa kwako, na mpaka ichunguzwe hulazimiki kulipa ile sehemu inayobishaniwa. Kadi ya benki ya kawaida, ile inayokata hela moja kwa moja kwenye akaunti, haina nguvu hiyo, hela inakuwa imeshatoka na wewe ndo unaomba.

Zelle, ile njia ya kutuma hela benki kwa benki, ni kama kumkabidhi mtu noti mkononi. Inafika dakika hiyo hiyo na haina ulinzi wa mnunuzi kwa hela uliyotuma mwenyewe kwa hiari yako, na wenyewe wanasema tuma kwa unayemjua na kumwamini. Cash App na Venmo ukituma kama rafiki kwa rafiki ni hivyo hivyo. PayPal ina njia mbili, ya marafiki na familia, na ya bidhaa na huduma. Ya pili ina makato kidogo na unaweza kufungua malalamiko mpaka siku 180. Muuzaji akikwambia "tuma kwa marafiki na familia ili tukwepe makato" mwambie makato nitayalipa mimi. Ukiona bado anakataa, na ni dola chache tu unazomwongezea, basi sio makato yanayomsumbua. Kadi za zawadi, kripto, na "tuma nusu kama amana nikushikilie", hapo hata usijibu.

Kama lazima ununue kwa mtu, mathalani mwanafunzi wa jirani au mtu wa kazini, mimi nafanya hivi. Tunakutana ana kwa ana, mchana, mahali pa watu, tena mbali na uwanja, kwa sababu siku ya mechi watu laki moja wakiwa pamoja mtandao unakufa na utasikia "imetuma imetuma ni netiweki tu". Anafanya transfa nikiwa nimesimama pale, nakubali kwenye simu yangu, naifungua kwenye app yangu, nasoma mechi, TAREHE, sekisheni, mstari, siti, naihifadhi kwenye Wallet, halafu ndo nalipa. Tarehe nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, watu wameuziwa mechi ya Septemba dhidi ya katimu kadogo kwa bei ya mechi ya Novemba.

Ukimfahamu muuzaji kwa mtandao tu, hata kama jina ni la rafiki yako wa kweli, mpigie simu umsikie sauti. Akaunti zinadukuliwa halafu tapeli anauza kwa jina la mtu ambaye watu mia tano wanamwamini. Uliza kitu ambacho rafiki yako tu anakijua. Na mtu akikwambia "nimekutumia namba za siri nisomee nihakikishe wewe ni mtu wa kweli" usisome hata tarakimu moja, anatumia namba yako kufungua Google Voice au anaingia kwenye akaunti yako ya tiketi hapo hapo, na akiingia humo anajitransfia tiketi zako zote za msimu.

Ukiwa unauza

Muuzaji naye anapigwa, hili halisemwi sana. Mara ya kwanza mimi kujaribiwa niliweka tangazo la siti mbili, baada ya dakika tatu mtu akakubali bei bila kupunguza, akaomba imeili yangu anilipe. Ikaja imeili yenye nembo ya njia ya malipo, inasema mnunuzi ametuma dola 300 lakini akaunti yangu ni ya kawaida, lazima ipandishwe iwe ya biashara, kwa hiyo mnunuzi ameongeza dola 200, nikimrudishia hizo 200 zote zitafunguka. Nilikaa na ile imeili nikiisoma, na nakiri ilikuwa imeandikwa vizuri. Kilichoniokoa ni kufungua app ya benki. Hakukuwa na kitu. Tangu siku hiyo siamini imeili wala meseji inayosema hela imeingia, naamini salio ninaloliona baada ya kuingia mwenyewe kwenye benki. Mtu akitaka kukulipa zaidi ya bei halafu umrudishie chenji, iwe kwa hundi au njia yoyote, kata mazungumzo. Hundi feki inaonekana imeingia leo, benki wanaivuta baada ya wiki, na chenji uliyotuma inakuwa ya mfukoni mwako.

Utapeli wa pili kwa muuzaji ni mgumu zaidi. Mnunuzi analipa kihalali kwa njia yenye ulinzi, unamfanyia transfa, anaenda mechi anakula mahindi, Jumatatu anafungua malalamiko kwamba hakupata kitu. Kumbuka zile siku 180 nilizokwambia, zinakata pande zote mbili. Kwa hiyo tunza ushahidi: meseji zenu zote, imeili ya mfumo inayosema transfa imekubaliwa na nani na saa ngapi, na picha ya akaunti yako ikionyesha hivyo. Hii ndo sababu mimi nikiuza kwa mtu nisiyemjua natumia jukwaa lililounganishwa na mfumo wa chuo chenyewe, tiketi inahama kwa mashine, hakuna wa kusema hajaona.

Na usiposti kamwe picha ya tiketi yako ikionyesha bakodi, hata kwa furaha tu. Bakodi za aina ya zamani ambazo hazibadiliki bado zipo kwenye baadhi ya mifumo, mtu anainakili anaingia kabla yako, na ukifika getini unaonekana wewe ndo mwizi. Andika sekisheni na mstari, inatosha.

Kuhusu bei, watu wanakosea kwa kutazama bei zilizoorodheshwa. Mtu anaweza kuorodhesha dola 900 na isinunuliwe milele. Tafuta ziliuzwa kwa ngapi. Halafu piga hesabu ya unachobaki nacho: siti uliyonunua dola 95 ukiiuza 180 na jukwaa likakata asilimia 10 kwako, unapata 162, faida ni 67, na kama chuo kilikulazimisha kutoa mchango ndo upate haki ya kununua siti ile, gawanya huo mchango kwa idadi ya mechi uone kama kuna faida kweli. Zamani asilimia 80 ya mchango huo ulikuwa unaipunguza kwenye kodi, sheria ya kodi ya 2017 ikafuta kuanzia 2018.

Bei inacheza na vitu vitatu. Mpinzani, hilo wazi. Saa ya mechi, maana kwa mechi nyingi televisheni huwa wanachagua saa siku 12 kabla na wakati mwingine siku 6 tu, na mechi ikipangwa usiku kwenye chuo chenye sifa ya mechi za usiku kama LSU inapanda, ikipangwa saa sita mchana kwenye jua la Septemba inashuka. Na matokeo ya Jumamosi iliyopita. Timu yako ikipoteza mechi mbili mfululizo usisubiri muujiza, punguza Jumapili ile ile asubuhi kabla wenzako hawajaamka. Kadiri mechi inavyokaribia wauzaji wanaogopa kubaki nazo, wanashushana, ukifika Jumamosi asubuhi mara nyingi unauza kwa hasara. Mechi za mahasimu tu ndo nimeziona zinashikilia bei mpaka mwisho, Michigan na Ohio State hata kukiwa na theluji. Ukiwa na siti nne uza mbili mbili, usimruhusu mtu achukue tatu, ile moja inayobaki haina mnunuzi.

Usiorodheshe siti zile zile kwenye majukwaa mawili kama huwezi kuzitoa sekunde ile moja inauzwa. Zikiuzwa kote utashindwa kumpelekea mmoja, na jukwaa litamnunulia mbadala kwa bei yoyote ile likukate wewe. Ukweli pia uuze: kama kuna nguzo mbele, kama ni sekisheni ya wageni, kama jua linapiga usoni masaa matatu, sema.

Tiketi za wanafunzi ziwekee alama nyekundu. Vyuo vinaziuza kwa punguzo na vingi vinazifunga kwa kitambulisho cha mwanafunzi, getini unaulizwa uonyeshe. Kumuuzia asiye mwanafunzi mara nyingi kunahitaji kulipia tofauti kwenye mfumo wa chuo ili ibadilike kuwa ya kawaida, kama chuo kinaruhusu kabisa. Mwanafunzi anayekwambia "hawaangaliagi" anacheza na hela yako, na yeye mwenyewe anaweza kunyang'anywa haki ya tiketi msimu mzima.

Sheria na kodi, kwa kifupi

Kuuza tiketi yako hakuna kesi kwenye majimbo mengi, ila kanuni zinatofautiana, kuna majimbo yanataka leseni kwa anayefanya biashara na mengine yanazuia kuuza karibu na uwanja, kwa hiyo soma ya kwako na soma masharti nyuma ya mkataba wa tiketi za msimu, chuo kinaweza kukataa kukuuzia tena kikiona unauza karibu mechi zote. Kutumia programu za roboti au akaunti nyingi za uongo kukwepa kikomo cha tiketi ni kosa kwa sheria ya serikali kuu ya 2016 inayoitwa BOTS Act, na FTC Januari 2021 iliwabana madalali watatu wa New York kwa hukumu ya dola milioni 31, ingawa kwa hali yao ya kifedha walilipa kama milioni 3.7.

Faida ni kipato, itangaze IRS, mamlaka ya kodi. Fomu ya 1099-K, inayoonyesha hela ulizolipwa, jukwaa linalazimika kukutumia ukivuka dola 20,000 na mauzo 200 kwa mwaka, kiwango hicho kilirudishwa na sheria ya Julai 2025 baada ya miaka ya mvutano kuhusu kukishusha hadi dola 600, na baadhi ya majimbo yana viwango vyao vya chini zaidi. Kutopata fomu hakufuti kodi. Weka risiti za ulichonunulia, bila hiyo hela yote inaonekana faida.

Ukishapigwa

Ukiwa getini na imegoma, usigombane na wa getini, hana uwezo. Nenda dirisha la ofisi ya tiketi, wataangalia kwenye mfumo siti ile ni ya nani na kama bakodi imeshatumika, waombe wakuandikie. Kama ulinunua kwenye jukwaa wapigie ukiwa pale pale uwanjani, kabla mechi haijaanza, kwa sababu wakati huo ndo wanaweza kukupatia siti nyingine, Jumatatu watakurudishia hela tu.

Kama ulimlipa mtu, piga benki dakika hiyo hiyo, sema neno utapeli wazi wazi, omba wajaribu kuizuia. Ya kadi ya krediti fungua malalamiko kwenye app. Usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza kuyaona, piga skrinshoti za profaili yake kabla hajakublock, namba, imeili, jina lililoonekana kwenye malipo. Halafu ripoti ReportFraud.ftc.gov, ripoti ic3.gov ambayo ni ya FBI, ripoti kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako, na mwambie msimamizi wa grupu ulikomkuta. Dola 240 peke yake haitamtoa mpelelezi ofisini, lakini namba moja ya simu ikitokea kwenye ripoti arobaini inakuwa kesi.

Mdogo wangu aliripoti siku nne baadaye nilipokaa naye mezani tukajaza pamoja. Wiki iliyofuata akapata meseji kutoka kwa mtu anayesema ni wakili wa kurudisha hela za waliotapeliwa tiketi, anajua kiasi alichopoteza, anajua mechi, anataka dola 50 za kufungua faili. Huyo ni yule yule au mwenzake kauziwa jina lako. Usimjibu, mblock, na namba yake iongeze kwenye ripoti.